Uji Ambao Sisimizi Hawakuutaka

Mwanatumu hupika kwa pua. Mwezi wa Ramadhani, jua la alasiri likishaanza kulegea, ukipita uchochoro wa nyuma ya msikiti pale Mtongwe utamwona ameinama juu ya sufuria, macho ameyafumba, mvuke unampiga usoni, naye anavuta pumzi taratibu kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Wapishi wengine wenye saumu huonja kwa ncha ya ulimi wakatema, na wanazuoni wameruhusu. Yeye hataki. Husema ulimi wa mwenye njaa ni mwongo, kila kitu huusifu. Pua ndiyo yenye njaa na ukweli pamoja.

Kwa pua hujua unga umeiva au bado unanuka ubichi. Hujua tui limekolea au liko karibu kukatika. Chumvi huitia kwa vidole viwili na hakosei, mkono umeizoea. Kitu kimoja tu kilimshinda siku zote, nacho ni sukari. Sukari haina harufu. Ilimlazimu aipime kwa kikombe, kama kipofu anayepapasa ukuta, na kwa sababu hiyo hakuipenda tangu usichana wake.

Watu wa mtaa wanamjua kwa uji, lakini kabla ya uji walimjua kwa talaka. Alikuwa mke wa Habib, mwenye duka la saruji na misumari, na alimpikia tangu duka lilipokuwa meza moja chini ya kivuli cha turubai. Duka lilipopata milango ya chuma, Habib akaona msichana. Angalikuwa mtu wa haki angalisema, nimeona msichana. Hakusema hivyo. Alikaa barazani na wanaume wenzake akawaambia mkono wa Mwanatumu umekwisha ladha, chakula chake hakiliki, mtu anarudi kwake na njaa na analala na njaa. Mwanamume akitaka kumwacha mkewe hakosi chumvi ya kusingizia. Maneno hayo yalifika kila jiko la Mtongwe kabla ya talaka yenyewe kumfikia mwenyewe.

Aliyekwenda kumchukua ni kaka yake, Shee. Shee ni mshonaji wa kanzu, na ndiye muadhini wa msikiti ule, mtu mrefu mwembamba, mfiwa na mke, mwenye kupenda kitu kitamu kuliko mtoto. Hakwenda usiku kama wanavyofanya watu wanaoona haya. Alikodi mkokoteni, akausukuma mwenyewe mchana kweupe, kofia kichwani, akapakia kitanda cha dada yake, masinia yake na mbuzi ya kukunia nazi, kisha akapita nao njia kuu akimsalimu kila mtu kwa jina. Hakumuuliza Mwanatumu neno. Alimwonyesha jiko, akamwambia kuni ziko nyuma.

Hayo Mwanatumu hakuyasahau. Ndiyo maana mwaka huu, kabla ya Shaaban kuandama, alipomwona Shee anamwita mchana wa jua kali amtungie uzi kwenye sindano, eti chumba kina giza, hakucheka. Alitunga uzi, akavaa buibui, akamwambia twende hospitali.

Daktari aliwaambia ni sukari, na kwamba imeshayagusa macho. Yaliyokwisha kuharibika hayarudi, alisema, lakini yaliyosalia yanaweza kushikwa, ikiwa mzee ataachana na vitamu kabisa. Akampa dawa na kumruhusu afunge kwa sharti hilohilo. Uji akitaka anywe, kikombe kimoja cha unga wa mtama, bila hata chembe ya sukari.

Waliporudi, Shee alisimama mlangoni. Kisha akasema, "Mwanatumu, jambo hili lisitoke nje ya ukuta huu. Nani atampa kipofu kitambaa cha Idi?"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Vitambaa vyote vya mwaka huja Ramadhani, na darizi ya shingo ya kanzu haimtaki mtu wa kubahatisha. Lakini siri hiyo ilikuwa na mtego wake. Muadhini hufungulia msikitini pamoja na watu: maji, tende, kisha kikombe cha uji kutoka sufuria moja. Na uji huo, tangu aliporudi nyumbani, alikuwa akiupika Mwanatumu kwa unga wanaochanga watu wa mtaa. Shee akiuacha wangemuuliza kwa nini, na akiunywa utamla macho.

"Wewe utakunywa wanachokunywa wenzako," Mwanatumu alimwambia. "Sukari nitaitoa mimi, na hamtajua imekwenda wapi."

Ni rahisi kusema. Shaaban nzima jiko lake lilikuwa kama duka la mganga. Alianza kwa kuongeza viungo, kama anavyofanya kila mtu anayedhani ladha ni wingi. Akatia karafuu, akatia mdalasini, akatia tangawizi. Mwonjaji wake alikuwa Nafula, mpangaji wa chumba cha pili, mwanamke wa Bungoma anayefanya kazi ya kukunja nguo kwenye kiwanda kule Changamwe, mwenye mwili wa nguvu na mdomo usiojua kubembeleza. Nafula alikunywa funda moja akaweka kikombe chini.

"Mama, hii si uji. Hii ni dawa ya jino."

Siku ya pili akasema umekuwa wa kikohozi. Siku nyingine akauliza kama nyumba hii kuna mgonjwa wa tumbo. Mwanatumu alimwaga, akapika tena. Kidogo kidogo akaacha kuongeza na kuanza kupunguza. Aliukaanga unga mkavu kwenye kikaango, moto wa chini, mpaka ukaacha kunuka ghala na kuanza kunuka karanga. Mdalasini akautia kijiti kimoja tangu maji yakiwa ya baridi, utoe pole pole, na kijiti akakitoa. Iliki aliitwanga na kuitia mwisho kabisa, kwa sababu iliki ikichemka sana hukimbia. Tui jepesi likapika uji, tui zito likasubiri mpaka sufuria imeshuka motoni, ndipo likamiminwa na kukorogwa mara chache likae juu ya ulimi kama krimu. Na chumvi, chembe za vidole viwili, maana bila chumvi hata tui hulala.

Nafula safari hii alimaliza kikombe, akafikiri, akasema bado umelala. Kwao, alieleza, unga hauingii motoni siku hiyohiyo. Hulazwa na maji kwenye chungu mpaka uchachuke. "Ukiamka, umekasirika kidogo. Hiyo hasira ndiyo uji."

Mtu wa Pwani ukimpa uji mchachu atakuuliza umeharibika tangu lini. Mwanatumu alisita. Lakini hakuwa mtu wa kukataa elimu kwa sababu imetoka Bungoma. Alilaza sehemu ndogo tu ya unga, akaichanganya na ule wa kukaanga, na hapo ndipo alipoona ajabu: uchachu ule mdogo ulifanya tui lionekane tamu, kama vile mtu mweusi anavyofanya kanzu ionekane nyeupe zaidi. Nafula aliomba kikombe cha pili.

Shee naye alipoonjeshwa alisema, "Unanyweka."

Kwa mtu mwenye adabu ya Shee, neno hilo ni sawa na kufiwa. Mwanatumu mwenyewe alijua. Uji ule ulifika mpaka mlangoni ukasimama, haukuingia ndani. Ulipungukiwa na kitu ambacho hakukijua jina. Lakini mwezi uliandama, na akapeleka alichokuwa nacho.

Sufuria za futari hupokelewa kwenye mlango wa wanawake, nyuma ya msikiti, na mpokeaji ni Alawiya, dada mkubwa wa Habib. Huyu ni mwanamke wa mkono wazi na moyo wa kuona haya. Tangu ndugu yake atoe ile talaka hajaacha kumwita Mwanatumu wifi, na kila akimwona humshika mkono muda mrefu kuliko ilivyo lazima. Siku ya kwanza alipokea sufuria, akaiweka kwenye sakafu pamoja na zingine, Mwanatumu akarudi zake nyumbani.

Shee alirudi baada ya tarawehe akitabasamu tangu uchochoroni. "Leo umepatia," alisema. "Wallahi umepatia. Ule wa Shaaban ulikuwa mwili, leo umeutia roho."

Mwanatumu alilala akiwa mwepesi. Kesho yake sifa zikaongezeka, na keshokutwa. Wanawake walimsimamisha njiani wakimwambia waume zao wanautaja. Kuhusu Habib habari zilizomfikia ni kwamba alikunywa na hakusema kitu, na kwa kinywa kama kile, kimya ni kiapo. Kumi la kwanza lote Mwanatumu alitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha Shee akamwita amtungie uzi. Halafu akamwita tena, na sindano ilikuwa ile nene ya vifungo. Walikwenda kutobolewa kidole kwenye duka la dawa, na sukari ilikuwa imepanda kuliko siku ya kwanza hospitalini.

Mwanatumu alikasirika kama anavyokasirika mtu aliyepiga kazi bure. Alimwambia kaka yake anaiba kaimati msikitini. Alimwambia yeye anakesha na jiko ilhali mwenzake anauza macho yake kwa donge la unga. Shee aliapa hajatia kitamu kinywani isipokuwa tende moja ya kufungulia na uji wake. Mwanatumu akasema kiapo cha mlafi ni maji. Hilo lilimwuma Shee. Alikula wali wake akitazama ukuta, na siku hiyo ilikuwa ya kwanza tangu mkokoteni ule kwa ndugu hao wawili kununiana.

Asubuhi Mwanatumu alitoka kuosha sufuria, ambayo jioni aliiacha ukutani bila kuigusa kwa hasira. Alipoinama akaona mstari mweusi umeshuka ukutani, umepanda kwenye mdomo wa sufuria na kuzama ndani. Sisimizi. Wale wadogo wa sukari, ambao tui na unga huviruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Walikuwa wamejaa chini ya sufuria kama pilipili manga.

Akaingia ndani, Shee akiwa kwenye cherehani.

"Kaka, huo uji unaokunywa msikitini, ukoje?"

"Mtamu."

"Mtamu vipi?"

"Mtamu kama uji."

"Kama wa mwaka jana?"

Miguu ya Shee ikasimama juu ya cherehani. "Kama wa mwaka jana," alisema.

"Na hukujiuliza?"

Shee aliinamisha kichwa. "Nilidhani ni mkono wako."

Mwanatumu alitaka kugomba, lakini kicheko kilimtangulia. Mlafi huamini anachokipenda, hilo ni kweli. Lakini pia alikuwa ndiye mwanamume mmoja duniani aliyeamini kwamba mkono wa Mwanatumu unaweza kutoa utamu mahali ambapo sukari haipo, na aliamini hivyo mpaka akakaribia kupofuka. Kicheko kikamkauka. Alivaa buibui akaenda kwa Alawiya.

Alawiya alikuwa barazani anachambua mchele. Hakukana. Siku ya kwanza, alieleza, matone yalimwagika kwenye sakafu wakati wa kupanga sufuria, na sisimizi walizunguka matone ya kila sufuria isipokuwa yale ya uji. Akajua umesahauliwa kutiwa sukari, akatia haraka ya msikitini. Mtu mwenye mawazo husahau, na mawazo hayo aliyeyaleta anamjua. Siku ya pili ikawa vilevile. Basi akawa anakuja na sukari yake ndani ya kanga, anaimimina na kukoroga watu wasipoona. "Niliona bora nikusitiri, wifi," alisema. "Ndugu yangu yuko pale kwenye mkeka, anangoja neno moja tu."

 Mwanatumu angeweza kusema mambo yote kwa sentensi moja, na Alawiya angeelewa. Lakini sentensi hiyo haikuwa yake. Alikuwa ameahidi.

"Sikusahau, wifi. Nimeitoa kwa makusudi. Leo usitie kitu."

"Watasema Habib alisema kweli."

"Na waseme."

Alawiya alimshika mkono ule muda wake mrefu, akamwambia sawa.

Njiani ndipo uzito ulipomshukia. Sifa zote zile hazikuwa zake. Zilikuwa za sukari ya Alawiya. Uji wake mwenyewe haujapata kunywewa na mtu yeyote msikitini, na leo ungefika kwa mara ya kwanza, ukiwa bado umesimama mlangoni. Alikaa jikoni akatazama sufuria tupu. Akafikiri kitu gani kinachofanya mtu aone utamu pasipo na utamu, na kilichomjia hakikuwa chakula, kilikuwa maji. Bibi yake, zamani, hakuwahi kujaza mtungi wa kunywea kabla ya kuufukiza. Angeuinamisha juu ya chetezo, ubani ukaujaza, kisha akautia maji, na maji yale ya kisima chenye chumvi watu waliyaita matamu, wakayaomba kutoka nyumba ya tatu.

Alipika kama alivyozoea, hakubadilisha kitu. Kisha akachukua sufuria ya pili, kavu, akaweka kaa la kifuu kwenye chetezo, akatupia ubani, akaifunika sufuria juu yake mpaka moshi ukaanza kutoka pembeni. Akaigeuza haraka, akamimina uji ungali moto, akafunika. Alipofunua na kuinama, macho ameyafumba, alibaki hapo muda. Uji ulikuwa umeingia ndani.

Siku hiyo hakurudi nyumbani. Alisimama na Alawiya nyuma ya pazia la mlango wa wanawake. Sauti ya Shee ikaadhini, maji yakapita, tende zikapita, kisha upawa ukagonga sufuria. Walisikia vikombe vinapokelewa. Walisikia watu wanakunywa. Halafu kimya, kile kimya ambacho mpishi hajui kama ni cha kheri au cha msiba.

Habib ndiye aliyekivunja. "Leo hakuna sukari," alisema. Kisha akaongeza, "Si niliwaambia? Mkono ukishakwisha umekwisha."

Wawili watatu walicheka. Nyuma ya pazia mkono wa Alawiya ulikwenda kwenye pindo la kanga. Mwanatumu akauzuia.

Ndipo Shee aliposema. Mtu anayeadhini kila siku hahitaji kupaza sauti.

"Sukari ninayo mimi, Habib. Ninayo mwilini, na imeanza na macho. Uji huu dada yangu amenipikia mimi, nanyi mmekaribishwa. Mwenye kitambaa kwangu akiogopa, baada ya tarawehe mlango uko wazi, aje akichukue."

Hakuna aliyecheka tena.  Shee alikuwa ametoa riziki yake ya mwaka mzima mbele ya watu ili jina la dada yake litajwe kwa heshima.

Kisha ikasikika sauti ya mzee Abdulaziz, yule mwenye duka la vitabu vya dini. "Niongezeeni," alisema. Upawa ukagonga. "Mimi huu ni mwaka wa pili nakunywa uji wa msikiti huku nasoma dua. Sikutaka kumvunja moyo mpishi." Mtu mwingine akasema hata yeye. Mwingine hakusema, alinyoosha kikombe tu. Watu walikuwa wanaficha ugonjwa mmoja kwenye mkeka mmoja, kila mtu akiogopa kuwa peke yake.

Si wote walioupenda. Vijana wengine waliomba sukari, na Alawiya akaipitisha chini ya pazia kwenye kikombe chake, kila mtu ajitilie mwenyewe. Habib alikuwa wa kwanza kujitilia. Usiku huo alikuwa wa kwanza pia kuja kuchukua kitambaa chake, akakikunja kwapani bila kumtazama Mwanatumu aliyemfungulia mlango. Wengine wachache walimfuata. Wengi hawakuja. Mzee Abdulaziz alikuja, lakini kuongeza kitambaa cha mwanawe.

Tangu siku hiyo Mwanatumu huamka, akishasali alfajiri hukaa kwenye mwanga wa dirisha na kutunga nyuzi kwenye sindano nyingi, nyeupe na za rangi ya maziwa, akazichomeka moja moja kwenye mto mdogo, ili kaka yake asihitaji kumwita mtu mpaka jioni. Kanzu za Idi zilitoka, darizi zimenyooka. Kidole kilitobolewa tena, na sukari ilikuwa imeshuka. Macho hayajarudi kuwa ya ujana, ila yamesimama, na daktari alisema hilo ndilo alilolitaka.

Uji huo bado anaupika. Kila jioni sufuria hurudi imekwanguliwa, hata ukoko haubaki, kwa hivyo hadi leo hii yeye mwenyewe hajaunywa kikombe kizima. Huiweka ukutani nyuma ya nyumba. Asubuhi sisimizi huwa wanashuka na mstari wao, wanafika kwenye mdomo wa sufuria, wanaugusa, wanapita kando. Mwanatumu huwangoja wapite. Halafu huiinua sufuria kabla ya kuitia maji, akaingiza uso wake ndani, akafumba macho.